Mpangaji wa Mukuru anauliza: nyumba nafuu na bima ya afya, tuanzie wapi?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mpangaji Mukuru kwa Reuben hapa Nairobi, ni mama mboga, na nina watoto watatu. Nilipojibu maswali ya SHA, mamlaka ya bima ya afya, kwenye simu niliwekewa kiwango kinachonishinda, tena cha mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Nyumba nafuu tunaziona zikiinuka upande wa Enterprise Road, lakini hapa kwetu simjui anayeweza amana yake. Sasa kuna fununu kwamba ploti yetu itabomolewa. Tuko kina mama kumi na wawili kwenye chama cha akiba na tunataka kupaza sauti. Chifu anatuambia hayo ni mambo ya wanasiasa. Tuanzie wapi, na je, mpangaji asiye na hata karatasi moja ya ardhi ana haki ya kudai?

JIBU: Dada yangu, sijambo. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mtu akishaamini kwamba hana haki, mengine yote huyasikiliza akiwa ameketi nje ya mlango.

Mpangaji ana haki ya kudai. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya bora kadiri inavyowezekana, na haki ya makao yanayofaa na usafi wa kuridhisha. Kimeandika kila mtu. Hakikuandika kila mwenye hati. Januari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakaazi wa kijiji cha Mitu-Bell, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Majaji walisema kwamba watu wasio na ardhi wanaojenga makao yao kwenye ardhi ya umma hawapati umiliki wa ardhi hiyo, lakini wanapata haki ya makao, na mahakama inaweza kuilinda. Uamuzi huo uwekeni kwenye faili yenu, ukurasa wa kwanza.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi huliruka. Sehemu kubwa ya Mukuru si ardhi ya umma. Ni ardhi iliyogawiwa kampuni na watu binafsi miaka mingi iliyopita kwa ajili ya viwanda, na wengine hawakuijenga kamwe. Kwa hiyo kabla hamjasema neno kuhusu kubomolewa, jueni ploti yenu iko juu ya ardhi ya nani. Yule mwenye mabati anayekuja kuchukua kodi mwisho wa mwezi mara nyingi si mwenye ardhi. Tafuteni nambari ya kiwanja kwenye ramani za upimaji, kisha ombeni taarifa za umiliki kwenye masjala ya ardhi. Siku hizi ardhi nyingi ya Nairobi iko kwenye mtandao wa Ardhisasa. Jina mtakalolipata ndilo litakaloamua hoja mtakayoitumia. Kama ni shirika la serikali, Mitu-Bell iko nyuma yenu moja kwa moja. Kama ni mtu binafsi, kinga yenu kubwa ni utaratibu: Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu, na mwenye kupewa ilani hiyo anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Watu wa Mukuru kwa Njenga wanakumbuka mwisho wa 2021, barabara ilipopitishwa juu ya vyumba vyao na maelfu wakalala kwenye matope. Fununu haiwatoi. Lakini msingoje fununu iwe tingatinga. Andikieni kaunti barua leo muulize kama kuna mpango wowote juu ya kiwanja hicho.

Nitarudi kwenye barua. Kwanza tuyatenge mambo mawili ya bima ambayo yamechanganywa mno, na kuchanganywa huko kunawaumiza watu kila siku.

Kujisajili SHA ni jambo moja, kulipa ni jambo lingine. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoleta SHA mahali pa NHIF, bima ya zamani, na ambayo mfumo wake ulianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, iliunda mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa huduma za msingi, na unalipiwa na kodi, si mchango wako. Maana yake ni kwamba ukiwa umesajiliwa, hata kama hujalipa shilingi, una haki ya kutibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu vilivyo kwenye mpango huo. Mfuko wa pili, SHIF, ndio unaochangiwa. Huo hugharamia kulazwa, upasuaji na mengine ya hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na sehemu ya magonjwa sugu huingia pale SHIF inapoishia. Nimewaona kina mama waliokataa kujisajili kwa kuogopa deni, wakawa wanalipia dukani dawa ya homa ya mtoto ambayo wangestahili kupewa bure hatua mia mbili kutoka kwao. Kwa hiyo wote kumi na wawili, pamoja na waume na watoto, jisajilini wiki hii kwa *147# au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Hilo halihitaji maandamano.

Dharura nayo isiwatishe. Kifungu hichohicho cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaiwekea hospitali inayokataa, ilhali ina uwezo, faini ya hadi shilingi milioni tatu. Na mama aliyejifungua hawezi kugeuzwa rehani: Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani kwa sababu ya bili, kwamba kuwazuilia ni kuvunja haki zao. Mambo haya yanajulikana na mawakili na hayajulikani kwenye ploti, na hilo linaniuma.

Sasa kiwango kinachokushinda. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, mwezi kwa mwezi. Wewe usiye na payslipu unatakiwa pia kulipa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yako, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, lakini mapato hayo hukuulizwa, yamekadiriwa. Na unatakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele, yaani hata aliye kiwango cha chini kabisa atoe shilingi 3,600 kwa pamoja. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole umeletwa ili watu walipe kidogo kidogo. Kabla ya kuuingia, uliza kwa kinywa kipana kama ni akiba yako au ni mkopo, na ukikosa kulipa wiki mbili itakuwaje.

Yakumbuke yale maswali uliyojibu kwenye simu. Paa ni la nini? Ukuta ni wa nini? Choo ni cha namna gani? Mnapikia nini, mnatumia taa gani, mko wangapi? Hayo ni maswali ya nyumba. Mashine inaitazama nyumba yako na kubashiri mapato yako. Kijijini hesabu hiyo huenda ikakaribia ukweli, kwa sababu mtu aliyejenga kwa mawe pengine alikuwa na pesa ya mawe. Mukuru hesabu hiyo inaharibika kabisa. Sakafu ya saruji si yako, ni ya mwenye ploti. Umeme unao kwa sababu kodi yako inabeba umeme, halali au wa waya za juu juu. Unapikia gesi ya mtungi mdogo kwa sababu kuni huwezi kuzipata, si kwa sababu umeendelea. Choo cha kumwaga maji mnachangia vyumba ishirini na kila mtu analipa akiingia. Mtaani kwenu chumba kinachoonekana bora zaidi huenda ndicho kinachomfilisi mpangaji, maana kodi yake ni ya juu. Kwa hiyo mama anayelipa nusu ya mapato yake kama kodi anahesabiwa kuwa mwenye uwezo kwa sababu ya kitu kilekile kinachommaliza.

Hapa ndipo mambo yako mawili yanapokuwa jambo moja, na ndipo ningependa chama chenu kisimame. Watu wengi huipeleka bima Afya House na nyumba Ardhi House, kila moja na faili yake, na kila ofisi hujibu kipande chake na kufunga droo. Dai lenu liwe hivi: ukadiriaji wa mpangaji wa mitaa ya mabanda uhesabu kodi anayolipa kuwa mzigo, na usihesabu vitu vya mwenye ploti kuwa mali yake. Ni dai dogo, linaandikika kwa sentensi moja, na ofisa hawezi kukujibu kwamba serikali haina pesa, maana humwombi pesa. Unamwomba hesabu ya kweli. Wakati huohuo, kila mmoja wenu aliyewekewa kiwango asichokielewa aombe kwa maandishi akadiriwe upya na apewe sababu za uamuzi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya sababu za maandishi. Na kwa wale ambao kweli hawana kitu, sheria yenyewe ya 2023 imesema serikali ndiyo itakayowalipia wasiojiweza. Ulizeni orodha hiyo kwenye wadi yenu ilitengenezwa na nani, na mjane wa chumba cha nane ameachwaje.

Upande wa nyumba, nakushauri usipigane na jengo. Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mtaa mpya wa Mukuru, na wapo watu waliohamia na wana bomba ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hilo ni jema na lisemwe. Swali ni nani anaingia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imegawa wanunuzi kwa mapato: nyumba za jamii ni za mwenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha zinafuata za kipato cha 20,000 hadi 149,000. Wewe na wenzako mmo kwenye kundi la kwanza. Basi ulizeni takwimu kwa kundi hilo hasa: katika mradi ulio karibu nanyi, nyumba ngapi ni za jamii, ngapi zimegawiwa, na ngapi zimekwenda kwa watu waliokuwa wakiishi Mukuru kabla ya ujenzi. Hiyo ni haki yenu pia kwa sababu ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mwanzoni ilikatwa kwa waajiriwa tu na Mahakama Kuu ikaiona ya ubaguzi Novemba 2023, sasa kwa sheria ya 2024 inahusu hata mapato yasiyo ya mshahara.

Kuna funzo la Kibera ambalo sharti mlibebe. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa maghorofa ya Lang'ata zingoje nyumba mpya, na nyumba hizo 822 zilikuja kukabidhiwa 2016. Katika safari hiyo wapo waliopangisha vyumba na wakarudi kwenye mabati. Watu waliwacheka, wakasema maskini hapendi raha. Mimi naona walifanya hesabu: maji, umeme na nauli vilipojumlishwa na kodi, ghorofa lilikuwa linakula chakula cha watoto. Kwa hiyo msidai umiliki peke yake. Daini pia nyumba za kupangisha kwa kodi inayofungamana na kipato, na daini kwamba genge lako la mboga lihesabiwe kwenye ramani. Mama anayehamishwa mbali na wateja wake amepewa nyumba na kunyang'anywa kazi siku moja.

Mniulize sasa, kina mama kumi na wawili watasikilizwa na nani? Jibu liko mtaani kwenu wenyewe. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mipango maalumu, lenye kaya kama 100,000. Tangazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Muungano wa Wanavijiji, Akiba Mashinani na wenzao, mashirika ya wakaazi wa mabanda, walikuwa wamezunguka miaka kadhaa wakihesabu vyumba, vyoo na mabomba, vyuo vikuu vikasaidia kuchambua, na ikadhihirika kwamba watu wa Mukuru wanalipa maji na umeme kwa bei ya juu kuliko mitaa rasmi, kwa huduma duni. Ofisa alipowekewa hesabu hiyo mezani hakuweza tena kusema watu hawa hawalipi chochote. Kisha wakaazi wakajipanga kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, na mashirika zaidi ya arobaini yakaandika mpango pamoja nao, afya ikiwa sehemu yake. Kuanzia 2020, barabara, mabomba, mitaro ya majitaka na vituo vya afya vilianza kujengwa. Haikumaliza shida, na ubomoaji wa 2021 ulitokea ndani ya eneo hilohilo. Lakini kila kilichopatikana kilitoka kwenye hesabu ile.

Basi anzeni kwa kuhesabu. Kila mmoja wenu achukue nyumba kumi za ploti yake. Maswali yasizidi matano, watu wana kazi: kodi ni kiasi gani, mapato ya wiki njema na ya wiki mbaya, SHA imewakadiria ngapi, mara ya mwisho kwenda zahanati walipewa dawa au waliandikiwa wakanunue, na wamekaa hapo tangu lini. Swali la nne mlitilie mkazo. Karatasi za dawa walizoandikiwa na kwenda kununua nje, pamoja na risiti ya duka la dawa, ndizo ushahidi mkali kuliko hotuba yoyote. Zipigeni picha mkiwa mmefunika jina. Mpeni kila mtu nambari badala ya jina, daftari la majina likae kwa mtu mmoja, na mwulizeni mtu ridhaa yake kwanza. Magonjwa ya watu ni siri yao, na sheria ya kulinda data ya 2019 iko wazi kuhusu hilo. Mkimaliza mna kaya 120. Hakuna mwakilishi wadi anayezipuuza kaya 120 zilizoandikwa.

Halafu jueni mlango. Zahanati na upangaji wa mji ni kazi ya kaunti. SHA na ada ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa. Ukipeleka upungufu wa dawa bungeni utarudishwa, na ukipeleka kiwango cha bima kwa gavana atakuhurumia tu. Kwa habari msizonazo, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa ofisi, useme unachotaka kukijua. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, na hulipi chochote. Kwa dai la ukadiriaji, andikeni ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119. Kila mtu ana haki hiyo, na karani wa Bunge hana ruhusa ya kulitupa kwa sababu Kiingereza chenu si cha wakili. Kiswahili ni lugha ya Bunge.

Wakati nao una nguvu kuliko kelele. Bajeti ya kaunti hufungwa Juni 30, na wananchi wengi huamka Juni, mambo yakiwa yameshapangwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30. Dawa za zahanati yenu zinaingia au kukosekana kwenye karatasi ya Februari. Nendeni kwenye kikao cha ushiriki wa umma na nakala mbili za maandishi yenu, moja muiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamkwenda.

Kuna kiti kimoja ambacho ningekitaka kabla ya vyote. Kila kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wakaazi ndani yake, na tangu Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo, hela kituo kinazokusanya zinabaki kituoni badala ya kupotelea City Hall, makao ya kaunti. Kamati hiyo ndiyo inayoona zinavyotumika. Ulizeni wawakilishi wa jamii ni nani, walichaguliwa lini, na muhula wao unakwisha lini. Mmoja wenu aingie.

Kuhusu chifu: mwambieni kwa heshima kwamba Kifungu cha 37 kinaruhusu raia kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, na mwalikeni kwenye baraza mtakalosoma hesabu zenu. Chifu wengi huwa wakali kwa wanaopiga kelele na wapole kwa wanaoleta daftari, kwa sababu naye anaulizwa na wakubwa wake kuhusu watu wa eneo lake na mara nyingi hana jibu. Wanasiasa watakuja, hilo halizuiliki. Wapokeeni wote, wa pande zote, mbele ya watu, na asiwepo anayechukua bahasha kwa niaba ya chama. Pesa ya kupiga chapa karatasi itoke kwenye akiba yenu, hata kama ni shilingi ishirini kwa kila mtu.

Na ile barua ya kiwanja msiiweke nyuma ya mengine. Iandikeni Jumatatu kwa ofisi ya mipango ya mji, mtaje nambari ya kiwanja kama mmeipata au alama za mtaa kama hamjaipata, mwombe nakala ya ilani yoyote iliyotolewa, na mtie saini wote kumi na wawili pamoja na nambari za vitambulisho. Mmoja abaki na nakala yenye muhuri, mwingine aitunze picha yake kwenye simu. Mkipata jibu la ndiyo, kuna ubomoaji, nendeni siku hiyohiyo kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au kituo cha sheria cha jamii kilicho karibu nanyi, mkiwa na barua, jibu lake, na daftari la kaya 120.